Kumsifu Mlinganishi wa Lugha

Ukimwambia mtu kwamba kuna msomi aliyeketi kulinganisha Kichina na Kilatvia, kicheko ndicho kitakachokujibu. Ya kwanza ina wasemaji zaidi ya bilioni moja. Ya pili haifikishi milioni mbili, nayo inaishi kando ya Bahari ya Baltiki. Hazina babu mmoja, na hazijawahi kupakana wala kushiriki soko. Lakini lichukue jambo hilo ulipeleke Chepkoilel, kwenye barabara ya kutoka Eldoret kwenda Ziwa, na kicheko kitapungua. Pale ambapo mwaka 1946 kilianzishwa chuo cha kuwafunza walowezi wenye mashamba makubwa, na tangu 2013 pana Chuo Kikuu cha Eldoret, lugha za koo zisizo na udugu wowote hukaa kwenye dawati moja: Kinandi cha wenyeji, tawi la Kikalenjin katika ukoo wa Kiniloti, Kiswahili, Kiluhya na Kikuyu za ukoo wa Kibantu, na Kijaluo, ambacho ni ndugu wa Kinandi ingawa wasemaji wengi wa lugha zote mbili hawaujui undugu huo. Tena Kichina chenyewe si mgeni katika kaunti hii ya Uasin Gishu, kwani Chuo Kikuu cha Moi kina Taasisi ya Confucius. Mlinganishi wa lugha ni fundi anayestahili sifa zaidi ya anazopewa, kwa sababu anajua kutenganisha kazi na chombo kinachoifanya.

Chukua jambo dogo: nani anamwona nani. Kichina husema rén kànjiàn gǒu, mtu anamwona mbwa. Badilisha nafasi za nomino, gǒu kànjiàn rén, na sasa mbwa ndiye anayeona. Hakuna silabi iliyoguswa; mpangilio ndio ulioamua yote. Kilatvia hakiutegemei mpangilio kwa kiasi hicho. Vīrs redz suni ni mwanamume anamwona mbwa, na ukisema suni redz vīrs, mwonaji bado ni yule mwanamume, maana miisho ya nomino imekwisha kusema. Mbwa angekuwa mtenda angeitwa suns. Huyu suni ni mtendwa popote atakapowekwa. Kiswahili chetu, pamoja na fahari yake ya ngeli, hapa kinaishiwa: mtu na mbwa wote hupatanishwa kwa a- na -m-, basi katika “mtu anamwona mbwa” kinachotuokoa ni mpangilio, kama Wachina. Kinandi je? Kitenzi hutangulia, nomino hufuata, na mtenda hutambuliwa kwa toni: nomino ileile hutamkwa kwa mpando na mshuko mmoja ikiwa kiima, na kwa mwingine ikiwa yambwa. Kazi hiyo ni ya Kilatvia. Chombo ni cha Kichina. Lugha mbili zilizoonekana kuwa kichekesho kuzioanisha zimekutana ndani ya sentensi ya mfugaji wa Uasin Gishu.

Mpinzani wa kwanza atasema huku ni kucheza na majina: toni ya Kinandi si toni ya Kichina. Ana haki, na mlinganishi mzuri ndiye wa kwanza kukubali. Kichina sanifu kina toni nne za kutofautisha neno na neno. Kinandi huipa toni pia kazi ya sarufi, na aliyekua akikizungumza hawezi kuingia darasa la Kichina akidhani amekwisha kufika. Ila pingamizi hilo limetokana na ulinganishi wenyewe. Asiyelinganisha hana hata njia ya kujua kwamba toni hizo mbili hazifanani.

Mpinzani wa pili ni mzito zaidi. Anakumbusha kwamba ulinganishi uliwahi kutumika kuwapanga watu kwa vyeo. Carl Meinhof, katika kitabu chake cha 1912 kuhusu lugha alizoziita za Kihamiti, alichanganya sarufi na ufugaji na rangi ya ngozi, na kwa miaka mingi Wanandi na Wamaasai wakaandikwa kuwa “Waniloti-Hamiti”, kana kwamba ng'ombe wana vitenzi. Aibu hiyo haifutiki. Lakini aliyeibomoa nadharia hiyo naye alikuwa mlinganishi. Joseph Greenberg, ambaye kitabu chake cha uainishaji wa lugha za Afrika kilitoka 1963, alishikilia kwamba lugha ziainishwe kwa ushahidi wa lugha tu, maneno na viambishi vyake, na mifugo ibaki zizini.

Ushahidi wenyewe unaweza kuonekana katika kuhesabu hadi tisa. Nne kwa Kinandi ni angwan, kwa Kijaluo ang'wen, na Kimaasai nacho kina neno la sauti hiyohiyo. Matawi matatu ya Kiniloti yamerithi neno moja. Sasa panda hadi tisa. Kijaluo kina ochiko, Kinandi kina sogol, na udugu umekatika ghafla, ila katika lugha za Kikushi, Kisomali kinasema sagaal na Kioromo sagal. Hilo Kinandi kilikopa kwa Wakushi, jirani wa kale. Na sisi Waswahili tusijione watakatifu: nne yetu ni ya Kibantu, ndugu ya inya ya Kikuyu, lakini tisa tuliichukua kwa Waarabu tukaiacha kenda izeeke. Wakati mwingine kufanana hakutokani na urithi wala mkopo. Kimbabaram cha Australia kilimwita mbwa dog bila kumwazima Mwingereza chochote. Kujua lipi ni lipi kunadai subira, na orodha ndefu ya maneno, na ujasiri wa kuitupa nusu yake.

Watakaouliza faida watazame maandishi. Kichina cha kufundishia huandikwa kwa pinyin, iliyoidhinishwa 1958, na kila toni huwekewa alama. Kilatvia huandika urefu wa irabu kwa kistari na kuziacha toni zake (kwani nacho kinazo) bila alama. Kikalenjin cha kawaida huandikwa bila toni, hata pale ambapo toni ndiyo inayosema nani ametenda, na msomaji huachiwa akisie kwa muktadha. Kwa maoni yangu njia ya Kilatvia, ya kuandika baadhi na kuacha baadhi, ingewafaa waandishi wa Kinandi kuliko ile ya pinyin: alama moja tu juu ya kiima, pale sentensi inapoweza kusomwa kwa njia mbili. Kwingine msomaji aliyezaliwa na lugha hiyo hahitaji msaada.