Mahubiri Nane ya Kwaresma

Tarehe 9 Machi 1522, Jumapili ya kwanza katika Kwaresma, Martin Luther alipanda mimbarani Wittenberg, akahubiri siku nane mfululizo. Mjini humo ibada ilikuwa imebadilishwa kwa pupa na baadhi ya sanamu kuvunjwa. Luther hakuyakataa mageuzi. Alikemea kukosekana kwa upendo. Kwake, imani isiyomvumilia aliye dhaifu ni maneno matupu.

Uzito wa mahubiri hayo ni kwamba yanamfichua Mjaribu ndani ya bidii yetu ya dini. Tunafunga, kisha tunachungulia sahani ya jirani! Kasoro iko kwa mhubiri mwenyewe: mwaka 1525, alipoandika dhidi ya wakulima walioasi, upole huo haukuonekana.

Hata hivyo mahubiri ya nane yanatufaa sote, yeye pia. Kuungama, asema, kusilazimishwe. Lakini hakubali kunyang'anywa, kwa kuwa bila faraja hiyo Shetani angalikwisha kumshinda. Msharika mwenzangu, imani haifanywi upya kwa kuhesabu siku tulizofunga, bali kwa kulisikia tena neno la msamaha, na kumwachia jirani nafasi ya kulisikia.