Medtner na Masikio Yenye Haraka

Okestra kubwa ikitangaza usiku wa piano ya Kirusi, mzoefu hana haja ya kulisoma tangazo lote. Itakuwa konseto ya kwanza ya Tchaikovsky, au ya pili ya Rachmaninoff, na wakijikaza sana, ya tatu. Ni kazi bora, hakuna ubishi. Lakini Warusi hawakutunga konseto tatu wakafunga vitabu. Anton Rubinstein, aliyeanzisha konsavatori ya St Petersburg mwaka 1862, alitunga tano, na ile ya nne mabingwa wa zamani waliipiga kwa fahari. Leo ukiitaja hata mbele ya mpenzi wa piano atakuuliza ni Rubinstein yupi. Rimsky-Korsakov ana moja fupi mno, iliyojengwa juu ya wimbo mmoja wa kijijini. Tchaikovsky mwenyewe ana ya pili, ambayo katikati yake piano inawaachia fidla na selo nafasi wazungumze wao, kama mwenyeji anayejua kunyamaza mbele ya wageni. Kwa miaka mingi hiyo nayo ilipigwa katika toleo lililokatwakatwa baada ya mwenyewe kufariki.

Katika kundi hili la waliowekwa kando, aliyeniteka mimi ni Nikolai Medtner. Alizaliwa Moscow mwaka 1880, akafia London mwaka 1951, na konseto zake ni tatu tu. Wahenga walisema kizuri chajiuza. Medtner ni ushahidi kwamba wakati mwingine kizuri hukaa dukani mpaka mwenye duka akafa.

Mtazame mpiga piano anayeanza konseto ya pili. Sehemu ya kwanza Medtner aliipa jina la Toccata, na kweli mikono haipewi mapumziko: mdundo unasukuma, okestra inadakia, piano inarudisha. Mtazamaji wa mara ya kwanza huona kasi tu. Akiirudia, anaanza kusikia kwamba hakuna noti ya kujaza nafasi. Ile sauti ya kati, iliyobanwa baina ya wimbo wa juu na besi, ambayo watunzi wengi huiacha iwe pamba ya mto, kwa Medtner nayo ina neno lake la kusema. Konseto ya kwanza, aliyoitunga kati ya 1914 na 1918, inakwenda mbali zaidi. Ni sehemu moja isiyokatika, na ikifika katikati haitafuti mali mpya. Inachukua mawazo yaleyale ya mwanzo, inayageuza, inayapindua, mara yana hasira, mara yanasali, mpaka msikilizaji anashangaa kwamba kumbe yote haya yalikuwa ndani ya vipande vichache alivyovisikia mwanzoni akavipuuza.

Ufundi wa aina hii una adui mmoja, naye ni haraka. Rachmaninoff, rafiki yake wa miaka mingi, alimjua adui huyo vizuri. Mwaka 1926, alipomaliza konseto yake ya nne, alimwandikia Medtner kwa mzaha wenye woga ndani yake kwamba kazi imekuwa ndefu mno, labda ipigwe kwa usiku kadhaa mfululizo. Medtner alikataa katakata. Alimjibu kwamba yeye ameshangazwa na uchache wa kurasa zake, na kwamba urefu hauwachoshi watu. Watu wakishachoka ndipo kila kitu huwa kirefu. Marafiki hao walitunukiana: konseto ya pili ya Medtner imetolewa kwa Rachmaninoff, na ya nne ya Rachmaninoff kwa Medtner. Lakini Rachmaninoff hakutulia. Baada ya kuipiga Philadelphia mwaka 1927 aliipunguza, na mwaka 1941 akairekebisha tena. Ajabu ni kwamba mkasi haukumsaidia. Kati ya konseto zake nne, hiyo bado ni miongoni mwa zisizopigwa sana.

Medtner hakupunguza. Aliondoka Urusi mwaka 1921, akahangaika Ujerumani na Ufaransa, hatimaye akatua Uingereza. Vita vya Pili vya Dunia vilipozuka, mapato kutoka kwa mchapishaji wake wa Ujerumani yakakatika, na moyo wake ukaanza kumsumbua. Aliyempokea na mkewe ni mpiga piano Mwingereza, Edna Iles, pamoja na familia yake. Bibi huyu alijifunza konseto zote tatu za mzee, wakati ambapo hakuna ukumbi uliokuwa ukizigombania. Katika hifadhi hiyo Medtner alikamilisha ya tatu, na mwaka 1944 akaipiga mwenyewe London, akiwa na miaka zaidi ya sitini.

Kisha msaada ukatoka pasipotarajiwa. Maharaja wa Mysore kule India, Jayachamarajendra Wadiyar, kijana aliyeipenda piano, alitoa fedha mtunzi huyo arekodiwe kabla mikono yake haijachoka. Mwaka 1947 Medtner aliketi na okestra ya Philharmonia akazirekodi konseto zake zote tatu. Zilitoka kwenye santuri za HMV, lebo ileile iliyomrekodi Siti binti Saad kule Bombay mwaka 1928. Wazee waliozifahamu santuri zile wanajua taabu yake: kila upande ulibeba dakika nne na ushei, kisha sindano inakwaruza na mtu anainuka kugeuza. Konseto ya tatu ina zaidi ya nusu saa. Aliyetaka kuisikia yote aliinuka, akageuza, akaketi, akainuka tena, na kila mara ilimbidi aikumbuke sentensi iliyokatika mkononi mwake.

Siku hizi hakuna kugeuza. Tangu miaka ya 1990 wapiga piano wachache wenye moyo wamezirekodi konseto hizi upya, na nyingi zinapatikana kwenye simu kwa kugusa kioo mara moja. Manoti yapo na vidole vyenye uwezo vipo. Kilichopungua ni mtu wa kusikiliza mara ya pili. Wimbo tunaoujua tutaurudia mara mia bila kulalamika, na tusioujua tunaunyima hata dakika kumi za kujieleza, halafu tunasema haukutugusa. Masikio ya namna hiyo yangemfukuza hata Tchaikovsky, maana konseto yake ya kwanza nayo, alipompigia Nikolai Rubinstein, mdogo wake Anton, mara ya kwanza mwaka 1874, ilitukanwa vibaya. Iliokoka kwa sababu kuna walioipiga tena na tena, na Rubinstein mwenyewe baadaye akawa mmoja wao.

Medtner hakupata kurudiwa kiasi hicho. Ukiwauliza wenye kumbi watakujibu kwamba watu hawamjui, kwa hiyo tiketi hazitauzika. Ni kweli watu hawamjui. Watamjulia wapi, ikiwa wenye kumbi ndio hao wanaosubiri ajulikane kwanza ndipo apigwe?