Terence Ranger na Vita vya Zimbabwe

Wasomaji wa kurasa hizi wamezoea kukuta humu habari za mila za Wazanaki, Wajita, Waikizu, Wakuria na jirani zao wa pande hizi za Ziwa, zilizopatikana kwa kuwauliza wazee. Huenda wakastaajabu kuona kwamba safari hii twazungumza habari za Mwingereza aliyetumia karibu maisha yake yote kuandika mambo ya Zimbabwe, nchi iliyo mbali sana na Musoma. Profesa Terence Ranger, aliyezaliwa mwaka 1929 na kufariki Januari 2015, aliifanya kazi ile ile ifanywayo na watu wetu wa Bunda na Butiama wenye daftari na kalamu, yaani kuketi mbele ya mzee na kumwuliza yaliyopita. Naye aliifanya kwa muda mrefu mno, hata akaona kwa macho yake jinsi majibu ya wazee yanavyoweza kutwaliwa na wenye dola na kugeuzwa kuwa fimbo. Ndiyo maana twaona yafaa vitabu vyake vipimwe hapa, tena kwa ukali kidogo.

Hakuanza na Afrika. Masomo yake ya juu katika Oxford yalihusu tajiri mmoja wa Ireland wa karne ya 17. Mwaka 1957 alikwenda Salisbury kufundisha katika chuo kikuu kipya cha Rhodesia na Nyasaland, akaingia katika vyama vya Waafrika vilivyodai haki, na mwaka 1963 serikali ya walowezi ikamfukuza nchini. Akapokelewa Dar es Salaam, akawa profesa wa kwanza wa historia katika chuo chetu, akakaa hadi mwaka 1969. Baadaye alifundisha California, Manchester na Oxford, lakini moyo wake ulibaki kusini ya Zambezi.

Kitabu chake cha kwanza kikubwa, juu ya uasi wa mwaka 1896 na 1897 katika Rhodesia ya Kusini, kilitoka mwaka 1967, naye angali Dar es Salaam. Msomaji akumbuke hali ya mji ule siku zile. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake pale tangu mwaka 1963, na wakimbizi wa kusini walikuwa wakionekana barabarani. Baada ya miaka michache wapiganaji wa Zimbabwe watafundishwa Mgagao, katika Iringa. Katika hewa hiyo Ranger aliandika kwamba Washona na Wandebele waliinuka kwa shauri moja, wakiongozwa na makuhani wa Mwari na waaguzi wa mizimu, na kwamba uasi ule wa mababu ulikuwa shina la siasa ya wajukuu. Wapiganaji walikipenda kitabu. Jina la Nehanda, mwanamke mwenye mzimu aliyenyongwa na Waingereza mwaka 1898, lilizidi kupata nguvu, nalo neno chimurenga, lililokuwa la uasi ule wa kwanza, likawa jina la vita vipya.

Lakini je, habari ilikuwa kweli? Mwaka 1977 Julian Cobbing alionyesha kwamba ushahidi wa makuhani kuwaongoza Wandebele ni mwembamba mno, na mwaka 1979 David Beach akaonyesha kwamba Washona hawakuinuka siku moja kwa amri moja, ila kila nchi ndogo kwa sababu zake na kwa wakati wake. Sisi twaona wakosoaji hao walishinda katika mambo makubwa. Ranger alikuwa amesoma karatasi za maofisa wa kizungu waliojaa hofu, nao watu wenye hofu huona njama kila mahali. Akaigeuza hofu yao kuwa sifa ya Waafrika. Kosa la namna hii ni tamu kwa sababu lampendeza msomaji. Heshima yake ni kwamba hakuwafanyia uadui waliomkosoa, akakubali sehemu kubwa ya maneno yao, naye akaendelea na kazi.

Kitabu cha mwaka 1985, juu ya fikira za wakulima na vita vya msituni, chapendeza zaidi, nacho chaudhi zaidi. Kuna uzuri mwingi humo: wilaya ya Makoni yaonekana kwa mashamba yake, makanisa yake, mizimu yake na chuki ya muda mrefu juu ya ardhi iliyotwaliwa, tena mambo hayo yalinganishwa na yale ya Mau Mau katika Kenya na ya Msumbiji. Ila wakulima wa Ranger na wapiganaji wao wapatana mno. Norma Kriger, katika kitabu chake cha mwaka 1992, aliwauliza wakulima wa upande mwingine wa nchi, akasikia habari za vijana wenye bunduki waliodai chakula kwa vitisho, na za watu waliouawa kwa kusingiziwa ulozi au usaliti. Mtu aliyewahi kuishi karibu na jeshi lolote hatashangaa kusikia hayo. Kwa nini basi Ranger hakuyasikia ya kutosha? Alifika mara baada ya ushindi, wakati ambapo kila mtu alikuwa na sababu ya kusema kwamba aliwaunga mkono washindi.

Tena kuna jambo zito kuliko hilo. Katika mwaka kile kitabu kilipotoka, Matabeleland ilikuwa ikilia. Tangu Januari 1983 serikali ya Robert Mugabe ilikuwa imepeleka huko Brigedi ya Tano, nayo iliua raia, ikachoma nyumba, ikawazuilia watu chakula wakati wa ukame, hata mapatano ya Desemba 1987. Hesabu ya waliokufa inayotajwa mara nyingi ni 20,000. Mambo hayo huitwa Gukurahundi, neno la Kishona litajalo mvua ya kwanza inayofagia makapi kabla ya masika. Wasomaji wetu wanaojua heshima ya mvua katika nchi hizi, na cheo walichokuwa nacho wazee wa mvua, watatambua ukatili uliomo katika kulitumia neno kama hilo kwa kazi kama ile. Mvua hupewa mtu kwa uhai. Na walioitwa makapi walikuwa wakulima, wenye mashamba na watoto kama wale wa Makoni. Twasema wazi: kitabu cha mwaka 1985 chafurahia ushindi wa wakulima wa mashariki wakati wakulima wa magharibi wanazikwa, wala ukimya wake juu ya hao wa pili haupendezi.

Mwandishi mwingine angalikwisha hapo, akabaki mzee mwenye nishani. Ranger alikuwa na umri wa karibu miaka 60 alipogeukia Matabeleland, akaanza upya. Matunda yake ni vitabu viwili ambavyo kwa maoni yetu ndivyo vikubwa kuliko vyote alivyoandika. Cha kwanza, cha mwaka 1999, ni juu ya vilima vya Matopo na watu waliofukuzwa humo. Cha pili, cha mwaka 2000, alikiandika pamoja na Jocelyn Alexander na JoAnn McGregor, juu ya misitu ya Shangani, katika Nkayi na Lupane. Humo wanasema wapiganaji wa ZIPRA, waliopigana vita ile ile ya uhuru lakini wakaondolewa katika masimulizi ya taifa kwa kuwa chama chao hakikushinda uchaguzi. Wanasema pia wanakijiji juu ya Brigedi ya Tano, na juu ya wale waasi wachache waliokuwa kisingizio chake. Wakati huo ushahidi mwingine ulikuwa umekwisha kukusanywa na tume ya Kanisa Katoliki ya haki na amani pamoja na wanasheria, katika taarifa yao ya mwaka 1997, ambayo serikali haikuipenda. Kitabu cha Shangani hakina shujaa mmoja. Kina kumbukumbu zinazogongana, na waandishi waziacha zigongane. Mtu akipenda kuisoma kazi ya Ranger moja tu, na aanze hapo.

Baada ya mwaka 2000, mashamba ya walowezi yalipotwaliwa kwa nguvu, serikali iliyaita mambo hayo Chimurenga ya Tatu, ikawafundisha vijana katika kambi historia fupi yenye watu wa namna mbili tu, wazalendo na wasaliti. Mwaka 2004 Ranger aliandika makala akitofautisha historia aliyoiandika yeye na wenzake, iliyotaka kuwapa Waafrika nafasi yao katika habari za nchi yao, na hiyo ya makambini, iliyotaka kuwanyamazisha. Tofauti hiyo ni ya kweli. Hata hivyo twaona alijitetea upesi kidogo. Wakuu wa makambi hawakubuni chimurenga wala Nehanda. Waliyakuta maneno tayari, yamepangwa na waandishi wema wenye nia njema, naye ni mmoja wao. Mugabe aliondolewa Novemba 2017, miaka karibu mitatu baada ya kufa kwake Ranger.

Sasa tuje nyumbani, kwa kuwa kuna makala mbili za Ranger ambazo zatugusa sisi moja kwa moja ijapokuwa hazitaji Mara. Ile ya mwaka 1983 yasema kwamba mila nyingi ziitwazo za kale katika Afrika ziliwekwa katika umbo lake zama za ukoloni: maofisa walitaka sheria za kudumu, nao wazee wakazitumia juu ya vijana, waume juu ya wake, watemi juu ya raia, na wenyeji juu ya wageni. Ya mwaka 1989 yaeleza jinsi misheni za Wamethodisti, Waanglikana na Wakatoliki zilivyochagua kila moja lahaja ya kuandika vitabu, na hivyo zikasaidia kuumba kabila la Wamanyika. Waandishi wa kamusi na waisome hiyo ya pili polepole.

Angalia Butiama. Watoto wa shule wapelekwao kwenye makumbusho husikia kwamba Mwalimu Julius Nyerere alizaliwa mwaka 1922, mwana wa Mtemi Nyerere Burito, aliyefariki mwaka 1942. Yote ni kweli. Lakini mtoto huondoka akidhani kwamba Wazanaki walikuwa na watemi tangu zamani za zamani, kumbe utemi huo uliletwa na Wajerumani, na Waingereza wakaukuza. Kabla yake nchi iliendeshwa na marika na wazee, na wazee wa mvua walikuwa na neno lao. Waikizu wa upande wa Bunda wana habari nyingine, ya mama mleta mvua Nyakinywa, nayo hutolewa kama ushahidi wa utemi wa kale. Jan Bender Shetler, aliyekusanya na kuchapisha mwaka 2003 historia zilizoandikwa na wenyeji wa Mara ya kusini, aonyesha jinsi habari hizi zinavyobadilika kwa kadiri ya anayesimulia. Wala tusikimbilie kusema kwamba ni uongo. Ranger mwenyewe mwaka 1993 aliliona neno lake la kubuni kuwa gumu mno, akapendelea kusema kwamba watu huwaza upya yaliyokuwapo; nasi twaafiki.

Liko na jambo la vita. Mara imetoa askari wengi, na Jenerali David Musuguri, aliyeongoza Divisheni ya 20 iliyoingia Kampala Aprili 1979, alikuwa mtu wa Butiama. Alifariki Oktoba 2024, akiwa na umri wa miaka 104. Vita ile iliandikwa mapema kwa Kiswahili: Baldwin Mzirai alitoa kitabu chake mwaka 1980, na Henry Muhanika utenzi wake mwaka 1981. Ni kazi za siku za ushindi, zenye joto lake. Hata lugha yenyewe ilipigana. Neno nduli, ambalo wazee walilijua kwa mwuaji yeyote, liliwekwa na redio mbele ya jina la Idi Amin mara nyingi hata watu wengi leo hawalijui penginepo. Udhalimu wa Amin hauna mashaka, wala uvamizi wa Kagera wa Oktoba 1978. Lakini askari wetu walibaki Uganda hata mwaka 1981, wakaona serikali tatu zikibadilishana, na uchaguzi wa Desemba 1980 ukizaa vita nyingine. Yale waliyoyaona Kampala na kaskazini baada ya shangwe kwisha hayamo katika utenzi.

Vijana waliovuka mto Kagera wakiwa na miaka 20 sasa wamepita miaka 65. Katika vijiji vya Bunda na Butiama wangali wapo, pamoja na wake zao, na wajane wa wasiorudi. Tungependa waandishi wetu wa huko waanze na hao wajane, wawaache maofisa kwanza, na wasiulize vita ilishindwaje. Na waulize ni nani aliyelima mwaka ule, barua ilisomwa na nani, mume aliporudi alisema nini na alikataa kusema nini. Tena waandike, kwa Kizanaki, kwa Kijita, kwa Kiikizu, kwa Kikuria, ni jina gani watu waliipa vita ile wenyewe kwa wenyewe, kabla redio haijawafundisha kuiita Vita vya Kagera.