Saa za Fundi: Gharama ya Umeme wa Mashua ya Matanga kati ya Dallas na Houston

Gharama ya kumwita fundi umeme wa mashua za matanga katika jimbo la Texas huzungumzwa mara nyingi kana kwamba ni bei ya vifaa, yaani betri, nyaya, swichi na chaja, ilhali kinachonunuliwa hasa ni muda: saa za kuufikia waya uliojificha nyuma ya kabati, saa za kutambua unakotoka na unakoishia, na saa za kuondoa kazi ya waliotangulia ambayo hakuna aliyeiandika popote. Mwenye mashua anayelinganisha bei za vifaa dukani ili kukisia ankara itakuwa kiasi gani anapima upande ulio mwepesi zaidi wa mizani.

Barabara kuu ya I-45 huanzia Dallas na kuishia Galveston, mwendo wa kilomita 458 hivi, na ncha zake mbili zina maji ya aina mbili. Kusini, mashua zimejazana Clear Lake, Kemah na Seabrook, pembezoni mwa Houston, ambako ziwa hilo limeungana na Ghuba ya Galveston na kwa hiyo maji yake yana chumvi. Kaskazini hakuna bahari, na mashua za Dallas na Fort Worth huelea juu ya maziwa yaliyotokana na kuzuiwa kwa mito, kama vile Lewisville, Grapevine, Ray Hubbard na Eagle Mountain, pamoja na Texoma lililo mpakani mwa Oklahoma, ambalo bwawa lake la Denison lilikamilika mwaka 1944. Msomaji anayejua tofauti kati ya chombo kinacholala Mwanza na kinacholala Tanga ataelewa upesi kwa nini kazi ileile huzeeka kwa kasi tofauti katika maeneo hayo mawili, ingawa ni lazima kuongeza kwamba Texoma hupokea chumvi kutoka kwenye miamba ambamo Mto Red na vijito vyake hupita, kwa hiyo si maji baridi kwa kiwango sawa na jirani zake.

Kwanza, bei ya saa yenyewe. Takwimu za Ofisi ya Takwimu za Kazi ya Marekani za Mei 2023 zinaonyesha kuwa mshahara wa kati wa fundi umeme nchini humo ulikuwa dola 61,590 kwa mwaka, sawa na takriban dola 29.60 kwa saa, wakati kwa umeme wa mashua ni jambo la kawaida mteja kutozwa zaidi ya dola 100 kwa saa. Pengo hilo si faida tupu, kwa sababu ndani yake mna gari, bima ya dhima, mashine za kubania lagi (vichwa vya kuunganishia ncha za nyaya), muda wa kuandika makadirio ambayo mteja huenda akayakataa, na safari. Katika safari ndipo Dallas inapozidiwa na Houston: fundi wa Kemah anaweza kutoka mashua moja na kuingia nyingine kwa miguu kwenye gati lilelile, lakini anayekwenda Texoma kutoka Dallas husafiri zaidi ya kilomita 100, na akigundua kuwa amesahau fyuzi ya ukubwa fulani, siku ya mteja imepotea.

Ili kuona saa hizo zinavyotumika, ichukuliwe mashua ya mfano yenye urefu wa mita 9, iliyojengwa kwa faiba miaka ya 1980, ambayo mwenyewe ameamua kuibadilishia nyaya zote. Mashua nyingi za aina hiyo ziliwekwa nyaya kabla ya sitaha kufungwa juu ya bodi, kisha ganda la ndani lenye vitanda na makabati likafunika njia za nyaya, kwa hiyo kilichomchukua mjenzi dakika chache kiwandani humchukua fundi wa leo nusu siku akiwa amelala ubavu na taa mdomoni. Fundi makini haanzi kwa kukata. Huanza kwa kufuatilia kila waya, kuupa namba na kuchora ramani, kazi ambayo wateja wengi huiona kuwa ya kupoteza muda kwa kuwa mwisho wa siku hakuna kilichobadilika machoni pao. Tuseme, kwa hesabu ya mfano tu, kazi nzima inachukua saa 60 kwa dola 125 kila saa na vifaa vya dola 2,000: jumla ni dola 9,500, na vifaa ni kama moja ya tano tu. Ramani inayookoa saa 15 imeokoa dola 1,875, yaani karibu bei ya vifaa vyote, na ndiyo sababu mwenye mashua aliyeketi na kalamu na kipima umeme wikendi mbili kabla ya fundi kufika amepunguza ankara kuliko aliyezunguka madukani kutafuta punguzo la waya.

Sehemu moja inastahili kutazamwa kwa karibu. Katika mashua nyingi za kipindi hicho zenye injini ndogo za dizeli za chapa ya Universal, kifungu cha nyaya kati ya injini na paneli ya usukani kiliunganishwa kwa plagi za aina inayotumika kwenye matrela ya magari, na chaji yote ya altaneta ilipitishwa hadi kwenye paneli ili isomwe na ameta, kifaa kinachopima mkondo, kabla ya kurudi kwenye betri. Plagi hizo zikipata unyevu hushika kutu ya kijani, kutu huongeza ukinzani, na ukinzani hugeuza umeme kuwa joto, mpaka plastiki ikaanza kuyeyuka. Marekebisho yanayokubalika ni kuondoa plagi, kuunganisha nyaya kwenye kibao cha viungio chenye skrubu, kung'oa ameta na kuweka voltimeta, na kupeleka chaji moja kwa moja kwenye betri. Vifaa vyake ni vya bei ndogo. Kinachogharimu ni kuufikia mgongo wa injini.

Unene wa waya nao una hesabu yake. Baraza la Mashua na Yoti la Marekani, linalojulikana kwa kifupi ABYC na lililoundwa mwaka 1954, linataka katika kiwango chake cha E-11 kwamba upotevu wa volti usizidi asilimia 3 kwa saketi muhimu kama taa za usafiri, na asilimia 10 kwa nyingine. Chukua pampu ya ngama, yaani ile inayotoa maji yaliyojikusanya chini kabisa ya chombo, inayotumia ampea 5 kwa volti 12 na iliyo mita 10 kutoka kwenye paneli. Umeme husafiri mita 20 kwenda na kurudi. Kwa waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5 zinapotea kama volti 0.74, sawa na asilimia 6, na kwa waya wa milimita za mraba 6 zinapotea kama volti 0.31, chini ya asilimia 3. Mwenye mashua huona waya mnene na kudhani ameuziwa anasa. Kwa upande wa pili, taa ya kileleni mwa mlingoti ikibadilishwa kutoka balbu ya wati 25 kuwa LED ya wati mbili au tatu, waya mwembamba wa zamani unaweza kutosha, na hapo teknolojia imepunguza gharama bila mtu kuushusha mlingoti kwa kreni.

Chumvi hudai bei yake Houston. Waya wa kawaida wa shaba hunyonya maji ya bahari kati ya nyuzi zake, ndani ya ganda la plastiki, hata ukaoza mbali na mahali palipolowa, na mashua zilizofurika wakati wa kimbunga Ike, kilichotua Galveston tarehe 13 Septemba 2008, au Harvey cha Agosti 2017, zinaweza kuwa na uozo wa namna hiyo huku paneli ikimeremeta. Kwa sababu hiyo mafundi hupendelea waya ambao kila uzi wake umepakwa bati, lagi zinazobanwa kwa mashine maalumu badala ya koleo, na mifuniko ya plastiki yenye gundi ambayo hunywea ikipashwa moto.

Maji baridi ya Dallas hayali shaba kwa kasi hiyo, lakini yana hatari ambayo watu wa bahari huisahau. Umeme wa gatini, wa volti 120, ukivuja ndani ya mashua na kuingia majini kupitia shafti au propela, katika bahari hutawanyika kwa urahisi kwa sababu maji ya chumvi huupitisha vizuri kuliko mwili wa mwanadamu. Katika ziwa mambo hugeuka, mwili ndio unaopitisha vizuri zaidi, na mkondo wa takriban miliampea 10 tu unaweza kumnyima muogeleaji uwezo wa kutawala misuli yake akazama. Kifaa kinachokata umeme uvujaji ukifika miliampea 30, ambacho E-11 inataka kiwe karibu na soketi inayopokea umeme wa nchi kavu, hakipaswi kamwe kuwa cha kwanza kufutwa kwenye makadirio ya mashua ya Lewisville au Grapevine.

Sheria ya Texas haimsaidii sana mteja katika kumchagua mtendaji. Fundi anayefunga nyaya nyumbani huko Plano, pembezoni mwa Dallas, lazima awe na leseni ya jimbo, lakini sura ya 1305 ya Kanuni za Kazi za Texas inaondoa uwekaji wa vifaa vya umeme ndani ya chombo cha majini, isipokuwa jengo linaloelea, katika sharti hilo, na cheti cha ABYC ni cha hiari. Matokeo yake ni kwamba fundi wa nyumba anaweza kuingia kwenye mashua kihalali akiwa na mazoea yasiyofaa humo, na mfano mbaya zaidi ni rangi: katika nyumba za Marekani waya mweusi ndio wenye moto, wakati katika mfumo wa volti 12 wa mashua mweusi umetumika tangu zamani kwa upande hasi, ndiyo maana ABYC inaruhusu na kupendekeza rangi ya manjano mahali pake. Anayebaki kuwa msimamizi ni mkaguzi wa kampuni ya bima, ambaye huja baada ya fedha kulipwa.

Betri za lithiamu zimeongeza mlolongo mwingine wa gharama, na ABYC ilitoa kiwango chake cha E-13 kwa ajili ya betri hizo mwaka 2022. Mteja huomba betri moja, akashangaa kupewa makadirio yenye altaneta, chaja na fyuzi ya aina ya T. Sababu ni kwamba betri hiyo hupokea mkondo mkubwa kwa muda mrefu kiasi cha kuiunguza altaneta ya kawaida, na mfumo wake wa ulinzi ukiikata ghafla wakati injini inaendelea kuchaji, volti hupanda na kuharibu diodi za altaneta.

Gharama nyingine huanzia nje ya mashua. Gati, tofauti na chombo, liko chini ya Kanuni ya Kitaifa ya Umeme, ambayo katika toleo lake la 2017 ilishusha kikomo cha uvujaji kutoka miliampea 100 hadi 30. Gati linapofanyiwa ukarabati na kuwekewa vikata umeme vipya, mashua iliyokaa hapo miaka kumi bila tatizo huzimika siku ya kwanza, kwa kawaida kwa sababu kuna mtu aliyeunganisha waya wa nyutro na wa ardhi ndani yake. Mwenye mashua hulaumu gati, meneja wa gati hulaumu mashua, na fundi huitwa kutafuta kiungo kimoja nyuma ya hita ya maji au inveta, kazi ambayo kwenye ankara huandikwa saa nne za uchunguzi na dakika kumi za matengenezo.