Maneno Yatafutwayo kwa Herufi

Mtu akipewa herufi saba na kutakiwa atafute maneno ya Kiingereza yawezayo kuundwa kwazo, ni elimu gani inayopimwa? Aghalabu hujibiwa kuwa ni elimu ya lugha, na wako walimu wausifuo mchezo huo mbele ya wanafunzi wao kwa sababu hiyo. Jibu hilo lafaa kuchunguzwa, kwani mwanafunzi aaminiye kwamba amekijua Kiingereza kwa kuwa amezijua sura za maneno yake amedanganywa, tena amedanganywa na mtu aliyemtegemea.

Mchezo mashuhuri wa namna hii ni Scrabble. Alfred Butts, msanifu wa majengo wa New York aliyekosa kazi katika miaka ya 1930, alikaa na magazeti akahesabu herufi moja moja ili ajue ipi hutumika sana na ipi ni adimu. Katika vipande 100 vya mchezo wa Kiingereza, E ina 12, na Q na Z zina kimoja kimoja. E huleta alama 1, Q alama 10. S hutumika mno, lakini ilipewa vipande 4 tu, maana ukiitia mkiani mwa jina limekwisha kuwa wingi, na mchezo ungekuwa mwepesi kupita kiasi. Sifa ya Butts si haba: alikitazama Kiingereza kama seremala atazamavyo ubao, akaona mishipa yake. Lakini alichokitazama ni umbo.

Mchezaji hodari huenda mbali zaidi. Hupanga herufi zake kwa taratibu ya alfabeti, na mpango huo humwia ufunguo. E, I, L, N, S, T: papo hapo humjia ‘silent’, ‘listen’, ‘enlist’ na ‘tinsel’. La kwanza ni habari ya ukimya, la pili ni kusikiliza, la tatu ni kujiandikisha jeshini, la nne ni nyuzi za mapambo zimeremetazo. Apendaye mafumbo ataona hekima kwamba ukimya na kusikiliza vimezaliwa tumbo moja. Mimi naona bahati tu, maana nyuzi za mapambo nazo zimezaliwa humo. Tena mwenzake akilishuku neno, swali ni moja: limo katika orodha au halimo? Maana haiulizwi.

Ushahidi mkubwa ni Nigel Richards wa New Zealand, bingwa wa dunia kwa Kiingereza mara kadhaa. Mwaka 2015 alishinda ubingwa wa Kifaransa huko Ubelgiji bila kuweza kuzungumza Kifaransa. Aliyahifadhi maneno ya orodha kwa majuma machache. Mwaka 2024 akafanya vivyo hivyo kwa Kihispania, mjini Granada. Simlaumu, kumbukumbu kama hiyo ni kipaji cha kustahiwa, sawa na cha mtu afanyaye hesabu ndefu kichwani. Ila ushindi wake umekata shauri: iwapo mtu aweza kuwa bingwa wa maneno ya lugha asiyoisema, mchezo haupimi lugha.

Kiingereza chauvumilia mchezo huu kwa kuwa maneno yake hubadilika kidogo. Kiswahili kingeuvunja. Kamusi huandika ‘pika’, lakini msemaji husema ‘hatukupikiwa’ na ‘watapikiana’; nani ataorodhesha hayo yote? Wingi nao kwetu huingia kichwani mwa neno. Michezo yetu hushika silabi: watoto wasemao kinyume hupindua silabi, na mshairi apimaye mizani huhesabu silabi.

Je, kazi hii ya herufi haiwezi kuwa fasihi? Yaweza, lakini si kwa kila mtu. Ernest Vincent Wright, Mmarekani, alitoa mwaka 1939 riwaya iitwayo Gadsby, yenye maneno zaidi ya 50,000 bila E, akaifunga herufi hiyo katika taipureta yake isije ikamponyoka. Ajaribuye ataiona taabu: ‘the’, ‘he’, ‘she’ na ‘they’ zimekwenda, na vitenzi vya wakati uliopita viishiavyo kwa ‘ed’ vimekwenda pia. Hapo angalau sentensi hulazimika kusema jambo. Lakini Wright hakuwa na sababu ya kuiacha E ila kuonyesha kwamba yawezekana, na hadithi yake ya mtu auamshaye mji wake kwa msaada wa vijana huchosha kabla ya nusu ya kitabu.

Georges Perec alikuwa na sababu. La Disparition, ya mwaka 1969, ni riwaya ya Kifaransa isiyo na E, ihusuyo mtu aliyetoweka na wenzake wamtafutao. Gilbert Adair akaifasiri kwa Kiingereza mwaka 1994, nayo bila E, kwa jina la A Void. Wazazi wa Perec walikuwa Wayahudi kutoka Poland. Baba alikufa vitani mwaka 1940. Mama alipelekwa Auschwitz mwaka 1943, hakurudi. Ukiondoa E katika Kifaransa huwezi kuandika ‘père’ wala ‘mère’. Adair aliukuta ukuta uleule: ‘father’, ‘mother’, hata ‘death’, yote yana E. Basi msomaji wa kitabu hiki huanza kuyatafuta maneno yasiyoweza kuwamo, na kila asipoliona neno hulisikia. Katika Kiingereza yangebaki ‘mum’ na ‘dad’, ambayo ni maneno ya kitoto. Naye Perec, mama yake alipochukuliwa, alikuwa na umri wa miaka 6.