Ulinzi si Malezi: Tuisome Upya "Rosa Mistika"

Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Methali hii twaifundisha kila mwaka. Lakini sisi wa Kajaga, tukaao kando ya Ziwa Tanganyika, twajua kwamba samaki akikunjwa kwa nguvu mno huvunjika, hata awe mbichi.

Jambo hilo ndilo kiini cha "Rosa Mistika", riwaya ya Euphrase Kezilahabi iliyotoka mwaka 1971, na ambayo kwa muda ilipigwa marufuku katika shule za Tanzania. Zakaria, baba mlevi wa Ukerewe, anampiga bintiye Rosa kwa sababu ya barua ya kijana Charles. Tangu hapo Rosa anawaogopa wanaume. Lakini afikapo masomoni, mbali na nyumbani, hofu ile yageuka kuwa kiu. Aliyekatazwa kila kitu hana kipimo cha kuchagulia chochote. Mwisho wake ni kujiua.

Walioishutumu riwaya hii walidhani yafundisha uasherati. Twaonelea kuwa waliyatazama matendo wakakiacha chanzo. Kezilahabi hapingi nidhamu. Aonyesha tu kwamba hofu humlinda mtoto madhali mlinzi yupo. Rosa hakuzoezwa kuamua, wala kumweleza mzazi yaliyo moyoni. Alipoumia, hakuwa na wa kumwendea.

Dosari zipo. Anguko la Rosa lakwenda mbio kama jawabu la hesabu, na vita vya nafsi yake twavisikia kwa mbali. Hata hivyo, mwishoni baba na binti walaumiana mbele ya Mungu, na mwandishi hamtwishi mmoja wao mzigo wote. Hapo ndipo ukomavu wake ulipo.

Je, sisi tu wema kuliko Zakaria? Wengi wetu tuna vijana waliopita miaka 20 na bado twawachagulia masomo, marafiki, hata wachumba. Twakagua simu zao kama yeye alivyoishika barua. Wakinyamaza, twasema wana adabu. Nasi tuliusifu ukimya huo nyumbani mwetu, hadi usiku mmoja tulipomsikia binti yetu akilia. Tulipomwuliza sababu, alijibu kwa adabu ile ile kwamba hana neno.

Basi, mwalimu mwenzetu, uifundishapo riwaya hii, usiwaulize wanafunzi Rosa alikosa nini tu. Waulize pia: angemwendea nani?