Jukwaa Zima Ndani ya Pakiti ya Sigara

Jamani, warembo hawa walikuwa wamejificha wapi siku zote? Ndiyo kwanza nimefungua picha za kadi za sigara za karne ya 19 zinazotunzwa na makumbusho ya Metropolitan, New York, na macho hayataki kubanduka!

Kadi yenyewe haijazi hata kiganja. Ilitiwa kwenye pakiti laini ya karatasi ili sigara zisivunjike, basi. Lakini miaka ya 1880 mashine ya Bonsack ilianza kumwaga sigara kwa maelfu, wauzaji wakawa wanagombea wateja. Hapo kampuni ya Duke ya Durham, Kinney Brothers wa New York na wenzao wakaweka nyota wa tamthilia na opera kwenye kipande hicho. Lillian Russell yumo. Sarah Bernhardt yumo! Mvutaji aliyempata mmoja alinunua tena amtafute mwingine. Ujanja mtupu, na ulifanya kazi.

Za rangi, kama seti ya Duke iitwayo Stars of the Stage, zinang'aa kwelikweli: mashavu mekundu, kofia za manyoya, vito shingoni. Hata hivyo mimi nachagua zile za picha halisi, za rangi ya kahawia. Humo mwigizaji anakukazia macho, mkono kiunoni, miguu ndani ya soksi za kubana, na jina la sigara chini yake halina wa kulisoma. Tangazo limelipiwa na tumbaku, sifa kachukua msanii!

Si wote waliofurahi. Mwaka 1894 mzee Washington Duke, Mmethodisti mcha Mungu, alimwandikia mwanawe James, bosi wa biashara hiyo, akilalamikia picha hizo zisizo na haya. (Mzee alikuwa na hoja: wanaume wamevaa makoti, wanawake ndio wanaovuliwa.)

Tunaziona leo kwa sababu ya mkusanyaji wa kadi, Jefferson Burdick wa Syracuse, aliyeipa Metropolitan zaidi ya vipande 300,000, akavibandika mwenyewe kwenye albamu huku baridi yabisi ikimtesa. Alimaliza Januari 1963, Machi akafariki.

Picha nyingi zinapatikana bure kwenye intaneti. Anza na za kahawia, ukuze uso mmoja mpaka ujae kioo, kisha uniambie kama utakumbuka ilikuwa sigara gani.